Spoki Kumi na Mbili za Hikori

Ford Model T ziliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na nyingi kati yake zilitoka kiwandani zikiwa na magurudumu ya spoki za mbao. Mbao yenyewe ni hikori, mti wa Amerika Kaskazini unaotengenezewa pia mipini ya mashoka kwa sababu hustahimili vishindo. Miaka ikipita, hikori hukauka na kusinyaa, spoki zikalegea na kuanza kulia gari linapokata kona. Gurudumu la namna hiyo ni la kupelekwa kwa fundi.

Fundi hakimbilii msumeno. Huanza kwa kuukagua ubao: nyuzi zake zinyooke toka ncha hii hadi ile, kwani zikikatiza upande, spoki itapasuka papo hapo. Ubao uwe mkavu pia. Wenye unyevu utasinyaa ukiwa tayari ndani ya gurudumu.

Spoki hukerezwa kwenye mashine, kisha humaliziwa kwa mkono. Ncha ya nje huchongwa ulimi wa mviringo wa kuingia kwenye tundu la pete ya chuma. Ncha ya ndani huchongwa kabari, na hapo ndipo penye kazi. Spoki ni 12, kwa hiyo kila kabari iwe na digrii 30 kamili. Kila moja ikipungua nusu digrii tu, mwisho wa mzunguko pengo ni digrii sita. Fundi hukutanisha kabari mbili, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya, anatia alama ya penseli upande uliovimba, anapitisha randa mara moja, anatazama tena. Unyoya mmoja wa mbao, basi. Nakiri kwamba hatua hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, ingawa gurudumu likishakamilika hakuna atakayeiona.

Ndimi zote zikishaingia kwenye pete, spoki husimama katikati kama paa la msonge, kwa kuwa zimeachwa ndefu kidogo kuliko nafasi yake. Fundi huweka jeki juu ya kilele na kukandamiza polepole. Mbao hulalamika, kabari husogeleana, mwishowe zinalala bapa na kubanana. Hakuna gundi wala msumari.

Baada ya hapo hutoboa matundu, hufunga habu kwa bolti, na hugonga ncha za bolti ili nati zisifunguke. Gurudumu huzungushwa taratibu mbele ya kidole cha chuma kuona kama linayumba. Vanishi huja mwisho.

Wewe mwenye gari la aina hii, ukisikia spoki zinalia, usiloweke gurudumu majini. Mbao itavimba kwa muda, kisha itasinyaa na kulegea kuliko mwanzo. Liegeshe gari, umtafute fundi.