Paka wa Mishamo Alivyofikishwa Karema

Kazi kubwa ya kumsafirisha paka hufanyika kabla dereva hajawasha gari. Nililiona hilo nilipofuatana na bibi mmoja, jirani yangu wa Mishamo, aliyekwenda kukaa na binti yake Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wakati wa kiangazi. Paka wake wa kike, mwenye jukumu la kulinda mahindi ya ndani, hakuwa na wa kumwachia. Kwenye ramani ziwa liko jirani tu upande wa magharibi, lakini gari halikati misitu na milima. Inabidi urudi kusini uelekee Mpanda, ndipo ushike barabara ya Karema. Paka alifika mzima, hakutoroka wala hakutapika. Inafaa tuone kwa nini.

Desturi ya wengi ni gunia: paka anatiwa humo na mdomo unafungwa, asije akaiona njia na kurudi alikotoka. Hapo pana makosa mawili. Kwanza, gunia la plastiki lililofungwa halipitishi hewa ya kutosha, na paka hana jasho la mwili mzima kama letu. Hutoa jasho kwenye nyayo, na joto likizidi huanza kuhema kinywa wazi kama mbwa. Pili, macho siyo yanayomrudisha. Mwaka 1922 Mmarekani Francis Herrick alieleza majaribio aliyomfanyia paka mwenye watoto. Alimpeleka mbali huku amefungiwa asione kitu, akamwachia umbali wa maili 1 hadi 4, na paka akarudi kwa watoto wake. Alipompeleka zaidi ya maili 16, hakurudi. Kinachomzuia paka wa Mishamo kurudi kutoka Karema ni umbali wenyewe, na umbali huo hauhitaji gunia.

Bibi aliliacha gunia, akaliacha na tenga la kuku, kwa sababu fito za tenga zimeachana na paka akipenyeza kichwa, mwili unafuata. Alichotumia ni vikapu viwili vya plastiki vyenye matundu, vile vya kuwekea nguo chafu, akavikutanisha midomo. Ukingo wote aliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande vyembamba, akifunga fundo kila baada ya upana wa kiganja. Upande mmoja alitumia mafundo ya kuvuta, yanayofunguka haraka, ukawa ndio mlango. Mpira ulifaa kuliko kamba kwa sababu gari likirusha, unavutika kidogo kisha unarudi, na fundo halilegei. Ustadi huo una asili: Mishamo ilianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoroka Burundi mwaka 1972, na waliotangulia waliletwa kwa malori. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa kufunga mzigo.

Kizimba hicho kilikaa wazi chumbani siku nyingi kabla ya safari, ndani mkiwa na kanga kuukuu ambayo paka alikuwa akiilalia. Dagaa wake aliwekewa humo humo. Mwishowe akawa anaingia mwenyewe na kusinzia. Naamini hii ndiyo hatua iliyoamua safari yote. Paka huyatambua makazi yake kwa harufu, na siku ya kuondoka harufu hiyo ilisafiri naye. Kanga haikufuliwa, ingawa wengine walilalamika.

Chakula cha mwisho alipewa usiku wa kuamkia safari. Faida yake ilionekana mlangoni mwa basi.

“Shikamoo bibi. Humo mna nini?”

“Marahaba mjukuu wangu. Paka. Hajala tangu jana, hatakuchafulia gari.”

Kondakta alitaka kizimba kiende kwenye buti, bibi akakataa katakata. Tulikaa katikati ya basi, kizimba sakafuni kati ya miguu yake. Kiti cha nyuma, ng'ambo ya ekseli, hurushwa kila shimo. Sehemu iliyo kati ya ekseli mbili ndiyo inayotikisika kidogo zaidi. Juu ya kizimba ilitandikwa kanga nyingine iliyoloweshwa na kukamuliwa. Ilipoza hewa, ikanasa vumbi, ikawazuia mbung'o, ambao katika miombo ile hawabagui mtu wala mnyama. Kila basi liliposimama iliinuliwa upande mmoja ili hewa ibadilike. Mlango haukufunguliwa hata mara moja, na hilo ni sahihi: paka aliyeshtuka akichomoka stendi, humpati tena.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiende Mahale, kando ya ziwa hilo hilo, panaposifiwa zaidi. Mahale ni hifadhi ya taifa, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hifadhini. Karema na Ikola, kijiji kingine cha mwambaoni, ni vijiji vya watu, paka anakaribishwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, hata hivyo, ni lazima kwa akili ya kawaida, na kinga yake huchukua takribani wiki 3 kujengeka. Ukimchanja asubuhi ya safari, umejipatia karatasi tu. Ama kuhusu kizimba, kwingine pana vipimo: Italia, shirika la reli la Trenitalia humsafirisha paka bure akiwa ndani ya kizimba kisichozidi sentimita 70 kwa 30 kwa 50. Kwetu kipimo ni moyo wa kondakta.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya majini. Kutoka Karema bibi alitaka kuwasalimia ndugu Ikola, akapanda boti ya mbao yenye injini. Aliondoka alfajiri, maana kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa. Hakukubali kizimba kifungwe kwenye boti, kwani boti ikizama, huzama nacho. Alifunga madumu mawili matupu ya lita 5, vifuniko vimekazwa, moja kila ubavu, usawa wa kati ya urefu wa kizimba. Dumu moja la namna hiyo hubeba karibu kilo 5 juu ya maji, na paka mzima mara nyingi hafiki uzito huo. Madumu yangefungwa chini kabisa, kizimba kingepinduka. Yangefungwa juu kabisa, paka angening'inia ndani ya maji. Hapo kati, nusu ya juu inabaki hewani. Alikuwa amelijaribu hilo ufukweni Karema kwa kuweka jiwe mahali pa paka.

Dosari moja iliyobaki ni ya mwisho wa safari. Paka aliachiwa mapema mno, akaenda moja kwa moja kwenye dagaa walioanikwa mchangani, na maneno yakawa mengi. Ukifika, mfungie chumba kimoja pamoja na kanga yake siku kadhaa, na uwaombe radhi wenye dagaa mapema.