Kufuli Kabla ya Spana

Viwanda vingi vya chai vya Kericho na Bomet, Kenya, hutegemea mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Majani hupita kati ya rola mbili za chuma zenye meno. Moja huenda polepole, mwenzake kasi karibu mara kumi. Meno yakiwa butu, rola hutolewa zikanolewe. Ufundi ninaoustahi huonekana hapo, kabla spana haijashikwa.

Fundi huwaarifu wanaoendesha mashine, huizima, kisha huifuata swichi yake kuu. Kitufe hakimtoshi: kinasimamisha mota, lakini nyaya zinazofika hapo bado zina stima. Na stima ikipotea wakati wa mvua, jenereta hujiwasha yenyewe, kwa hiyo kiwanda kunyamaza si ushahidi wa lolote. Hushusha swichi, hutia kufuli, hutundika kadi yenye jina lake na kuweka ufunguo mfukoni. Msaidizi naye hutia kufuli lake; hapa mtu hafungiwi kufuli na mwenzake.

Sasa tazama mikono yake. Kipima umeme hukigusisha kwanza mahali anapojua pana stima, ahakikishe ni kizima. Halafu hupima nyaya tatu za mota, kila mmoja na mwenzake, na kila mmoja na bodi ya mashine. Kisha hurudi kukijaribu tena pale penye stima. Mara hiyo ya pili wengi huiruka, nami humpimia fundi hapo hapo, maana kipima kilichoharibika katikati ya kazi kingemwambia nyaya ni salama. Mwisho hubonyeza kitufe cha kuwasha, aone kama mashine itaitika.

Rola ya kasi huendelea kuzunguka kwa uzito wake, naye huisubiri isimame. Kazi ikiwa kwenye kikaushio cha chai, hungoja zaidi: hufunga vali ya mvuke wa boila, hufungua bomba la kuutoa uliobaki, na kuutazama mshale wa geji ukishuka hadi sufuri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri aweke utaratibu wa kazi ulio salama. Anayeubeba ni fundi huyu, majani mabichi yamejaa kwenye vitanda vya kunyaushia na msimamizi anauliza kila dakika.

Zamu ikiisha kabla ya kazi, anayeingia hutia kufuli lake kwanza, ndipo anayetoka atoe lake. Rola zikisharudi, vifuniko hufungwa, spana na watu huhesabiwa, na kila mmoja hufungua kufuli lake mwenyewe.