Umbo la Ubeti na Amri za Kigeuzi

Makala haya mafupi yanakusudia kuhakiki jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa la mpiga chapa tu, yaani upangaji wa matini za ushairi katika Markdown, mtindo wa alama chache uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, na katika viendelezi vya Pandoc, kigeuzi kilichoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006.

Kwetu Bukavu, ambako umeme hukatika mara kwa mara, faili nyepesi ya maandishi matupu ni neema. Hata hivyo, Markdown ya asili ililenga nathari. Mishororo inayofuatana huunganishwa kuwa aya moja, na shairi la mizani 16 hupoteza umbo lake.

Pandoc hutoa dawa: kistari wima mwanzoni mwa kila mshororo. Lakini dawa hiyo ni nusu. Huhifadhi mgawanyo wa mishororo na nafasi za mwanzoni. Nafasi pana ya katikati, inayotenga ukwapi na utao, haihifadhiwi. Ndipo mwanafunzi anaposhawishika kupachika amri ya LaTeX. Katika PDF iliyopitia LaTeX amri hiyo hutekelezwa. Katika faili ya Word hutoweka kimya kimya. Msahihishaji wa tasnifu atadhani mwandishi hakuvitambua vipande.

Kwa maoni yetu, viendelezi ni vya aina mbili: vinavyoamuru sura na vinavyotaja kitu. Tangu mwaka 2017, Pandoc huruhusu ubeti kuzungushiwa nukta pacha tatu tatu na kupewa jina "ubeti". Kipande nacho hutiwa katika mabano ya mraba na kuitwa "ukwapi". Sura huamuliwa baadaye, kwa kila aina ya waraka.

Huenda mtu akapinga kwamba bado tumefungwa na kigeuzi kimoja, kwa kuwa vingine vitazichapa alama hizo kama zilivyo. Ni kweli. Lakini jina husomeka na binadamu; amri ya sentimita 2 haimwelezi lolote kuhusu ushairi.

Waandishi wengi wa hati za Kiarabu waliuweka ubeti wa utenzi katika mstari mmoja, wakitenga vipande vinne kwa alama. Wachapishaji wa hati za Kilatini wakaugawa mistari minne. Sura ilibadilika, vipande havikupotea, kwa kuwa vilikuwa vimetiwa alama. Wanafunzi wetu nao wafundishwe kutia alama kabla ya kupamba.