Nirushie

Kuna ufundi ambao hautolewi cheti wala kutangazwa kwa kibao mlangoni, nami nauheshimu kuliko mwingine mwingi wenye vyeti. Ni ufundi wa kuunganisha simu mbili kwa Bluetooth ili kilichomo katika hii kifike katika ile kikiwa kizima, bila waya, bila salio, bila mnara wa kampuni yoyote kujua kwamba kuna kitu kimepita. Siku hizi kila mtu anaamini anaujua. Anayeujua kweli utamtambua kwa utulivu wake.

Huku kwetu uliiva katika miaka ya simu za batani. Kifurushi cha intaneti kilikuwa ghali, mtandao wenyewe ulisuasua, na wimbo mpya uliingia mtaani ukiwa katika simu ya mtu mmoja aliyekwenda kibandani, kwa kijana mwenye kompyuta, kujaziwa memori kadi. Kuanzia hapo wimbo ulitembea kwa miguu ya watu. Kijiweni, kituoni wakati daladala imechelewa, bwenini baada ya prepo, ukisikia wimbo usio nao ulisema neno moja tu: nirushie. Bongo Fleva, taarabu, kaswida, kwaya, mawaidha ya shehe yaliyorekodiwa msikitini kwa simu iliyowekwa karibu na spika, vyote vilisafiri hivyo, mkono kwa mkono, hadi vijiji ambavyo duka la kanda halikuwahi kufika. Wasanii walikosa mapato yao katika safari hizo, na hilo ni deni la haki ambalo wapenzi wa muziki hatukulilipa. Lakini ni safari hizo hizo zilizowafanya wajulikane na watu ambao redio ya mjini haikuwafikia.

Mrushaji mzuri alikuwa na adabu zake. Kwanza aliuliza simu yako ni aina gani, maana kuna zilizokubali picha na kukataa nyimbo. Kisha aliuliza kama ina nafasi, kwa sababu simu iliyojaa hupokea nusu ya wimbo halafu ikagoma, na muda wa watu wawili ukawa umepotea. Alikuuliza simu yako inaitwaje, kwa kuwa akitafuta kijiweni orodha ilimletea majina matano yanayofanana, yote ya modeli moja ya Nokia, na kumrushia mgeni asiyehusika ni utovu wa adabu. Ndiyo maana waliojua walizipa simu zao majina: Mama Zuhura, Simba Damu, Mtoto wa Tanga. Alipoanza kurusha alikwambia usiondoke. Ukitoka nje ya mlango na simu yako, faili hukatika, nalo halina habari ya kuendelea lilipoishia, linaanza upya. Kwa teknolojia ya mwanzo, wimbo wa megabaiti nne ulihitaji, kwa hesabu ya kitabuni, karibu robo tatu ya dakika, na kwa hali halisi zaidi ya hapo. Katika muda huo watu wawili walikaa pamoja. Waliulizana habari za nyumbani. Nyimbo kumi zilitosha kuanzisha urafiki, na najua ndoa iliyoanzia hapo.

Waliotangulia kidogo wanaikumbuka infraredi. Ilikuwa lazima simu mbili zilazwe mezani zikitazamana kichwa kwa kichwa, na mkono ukipita katikati kazi imevunjika, kwa kuwa mwanga ule hauoni kona. Bluetooth ilitumia redio badala ya mwanga, na redio hupenya mfuko wa suruali na kitambaa cha mkoba. Kazi hiyo ilianzia mji wa Lund, Sweden, katika kampuni ya Ericsson, ambako mwaka 1994 mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alipewa jukumu la kutafuta namna vifaa vidogo vitakavyozungumza kwa karibu bila waya. Sven Mattisson alifanya naye kazi. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, Nokia, Toshiba na IBM waliunda umoja wa kuisimamia ili isiwe mali ya mtu mmoja, na uamuzi huo ndio uliowezesha simu ya Kichina isiyo na jina kuzungumza na simu ya gharama kubwa pale kijiweni. Kampuni zinazoshindana sokoni zilikubaliana lugha moja. Jambo hilo halitokei mara nyingi, na linastahili sifa.

Uzuri wa ufundi wa Haartsen na wenzake ni jinsi ulivyo mnyenyekevu. Simu ya GSM inaweza kutoa hadi wati 2 ili ifike mnarani. Bluetooth ya kawaida ya simu hutoa hadi miliwati 2.5, sehemu moja tu kati ya 800 ya nguvu hiyo, na inakusudiwa kufika mita kama 10. Haipigi kelele, inanong'ona. Ila inanong'ona katika mtaa wenye zogo: masafa ya gigahezi 2.4 hayahitaji leseni, kwa hiyo Wi-Fi imo humo, na oveni za maikrowevu humwaga kelele zake humo humo. Kusikika hapo kwa nguvu kidogo namna ile kunahitaji akili.

Akili yenyewe ni kuruka. Masafa yamegawanywa katika njia 79, na vifaa viwili vilivyoungana huhama kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaotokana na anwani na saa ya kifaa kinachoongoza. Kelele ikiwakuta katika njia moja, wamepoteza kipande kidogo sana, nao tayari wako njia nyingine wanakirudia. Kuanzia toleo la 1.2 la mwaka 2003 walifundishwa pia kuzitambua njia zenye msongamano na kuziepuka. Nikisimama Kariakoo saa kumi jioni, simu nyingi kiasi kile zikiwa hai mifukoni, halafu nikasikia Qur'ani au muziki ukifika masikioni bila kukatika, huwa naufikiria mruko huo, na bado unanishangaza.

Wazo la kurukaruka masafa lina historia inayogusa moyo. Mwaka 1942 nchini Marekani, mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya mfumo wa kuongoza torpedo kwa redio ambao adui asingeweza kuuziba. Kituo cha kutuma na torpedo vingebadilisha masafa kwa pamoja, kwa kufuata karatasi zenye matundu za aina ileile iliyoendesha piano za kujipiga zenyewe. Masafa yaliyopendekezwa yalikuwa 88, idadi ya vibao vya piano. Jeshi la majini halikuutumia katika vita hivyo. Bluetooth haikutoka moja kwa moja katika karatasi zile, ila kanuni ni ileile, na napenda kwamba mmoja wa walioiona mapema alikuwa mtu wa muziki, kwa sababu kuhama pamoja kwa wakati mmoja, bila mmoja kumtangulia mwenzake, ni kazi ambayo wapiga ala wanaijua.

Sasa niseme juu ya hodi, kwa maana hapo ndipo ufundi wa mhandisi unapokutana na ufundi wa mtumiaji. Kuunganisha vifaa viwili kwa mara ya kwanza, jambo ambalo simu zetu za Kiswahili zinaliita kuoanisha, kumejengwa kama mtu anavyoingia nyumba ya wenyewe. Mwenye nyumba lazima awe amekubali kuonekana. Mgeni anabisha na kutaja jina. Mwenyeji anauliza ni nani, anahakikisha, ndipo anasema karibu, na mgeni haingii mpaka alisikie neno hilo. Zamani uhakikisho mara nyingi ulikuwa tarakimu nne ambazo kila mtu alizijua, 0000 au 1234, hodi isiyomzuia yeyote. Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilileta njia bora: vifaa vyenyewe vinatengeneza siri ya pamoja kwa hesabu, kisha vinaonyesha tarakimu sita kwenye vioo vyote viwili, na watu wawili wanaulizana kama zinalingana.

Watu wengi wanabonyeza kukubali bila kuzisoma, na hapo huwa napata uchungu, kwa sababu tarakimu zile ndizo kinga yote. Mtu wa tatu akijipenyeza katikati, akajifanya wewe kwa mwenzako na kujifanya mwenzako kwako, tarakimu zitatofautiana. Mashine haina namna nyingine ya kulijua hilo isipokuwa macho ya watu wawili. Fundi wa kweli huzisoma kwa sauti. Sekunde tatu. Mwenzake anajibu, ndizo.

Kukataa nako kumo katika ufundi huu. Mwaka 2004 kilitokea kirusi cha Cabir kilichoshambulia simu za Symbian. Hakikuvunja mlango. Kilibisha, simu ikamuuliza mwenyewe kama anakubali kupokea, akisema hapana kikabisha tena, na tena, mpaka mtu akachoka na kubonyeza ndiyo. Mwaka 2005, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Helsinki, kilionekana kikienea kati ya simu za watazamaji uwanjani. Njia ya kukiponyoka ilikuwa rahisi, kuondoka eneo lile au kuizima Bluetooth, lakini ilimtaka mtu ajue kwamba anayebisha bila kukoma haji kwa heri. Kijiweni walilijua hilo kabla wataalamu hawajaliandika: ombi la kupokea kitu kutoka kwa usiyemjua hukataliwa, na simu hufichwa isionekane mpaka itakapohitajika.

Kurushiana nyimbo kumepungua. Zilikuja programu kama Xender zinazotumia Wi-Fi na kuhamisha filamu nzima kwa muda ambao Bluetooth ingehamisha nyimbo chache. iPhone tangu mwanzo haikukubali kupokea faili kwa Bluetooth kutoka kwa simu za Android. Halafu WhatsApp ikachukua lililobaki. Ila ufundi umehamia kwingine. Leo unaunganisha sabufa sebuleni, redio ya bajaji, spika ya shughuli ya mtaani, vipokea sauti vya masikioni, saa ya mkononi, kipimo cha sukari kinachopeleka majibu kwenye simu ya mgonjwa.

Katika haya pia kuna wajuzi. Mpiga muziki wa shughuli aliye makini huoanisha simu na spika nyumbani, kabla ya watu, kisha huzima Bluetooth za simu nyingine zote ambazo spika inazikumbuka, ili simu ya shangazi isije ikainyakua katikati ya kumtoa bibi harusi. Hajui tu kubonyeza. Anajua pia kwamba mwili wa mtu umejaa maji, na maji hunyonya masafa haya, kwa hiyo umati ukisimama kati yake na spika sauti itakwaruza; basi simu ataiweka juu, si mfuko wa nyuma. Spika ikigoma hakimbilii kuipiga kofi. Anaingia kwenye mipangilio, anaifuta spika katika orodha ya simu, anaifuta simu katika kumbukumbu ya spika, halafu anaanza upya hodi yote. Wengi hufuta upande mmoja tu na kushangaa kwa nini hawa wawili bado hawaelewani: mmoja bado ameshika ufunguo wa zamani.

Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote ni ile ya vifaa vya kusaidia kusikia. Tangu lilipotoka toleo la 4.0 mwaka 2010, lenye njia ya kutumia umeme kidogo mno, kifaa kinachokaa sikioni na betri ndogo kimeweza kushika mawasiliano na simu. Mwaka 2022 ulitangazwa mfumo wa Auracast, ambao kwao chanzo kimoja kinaweza kutangaza sauti kwa wasikilizaji wengi bila kikomo, kila mmoja akiipata moja kwa moja sikioni. Nafikiria hotuba ya Ijumaa, ibada ya Jumapili, mkutano wa kijiji, na mzee aliyezoea kukaa mbele kabisa akisoma midomo.

Lakini kifaa cha namna hiyo kikitoka boksini na kukabidhiwa bibi wa miaka themanini, mtu lazima akae naye. Nimemtazama binti mmoja wa jirani akiifanya kazi hii. Alimwamkia, akamwomba miwani yake, akapanua maandishi ya simu mpaka yakasomeka, akalibadilisha jina la kifaa kutoka tarakimu za kiwandani likawa Sikio la Bibi. Alioanisha, akapiga simu kutoka chumba cha pili ili bibi aisikie sauti. Bibi alipocheka kwa kuisikia, binti alirudi, akafuta kila alichokifanya, akamwekea simu mkononi na kumwambia, haya bibi, sasa fanya wewe.