Istilahi za Mafuta ya Thaimu: Uhakiki

Habari za mimea ya dawa zatafsiriwa kwa wingi, na miongoni mwazo zimo zile zihusuzo mafuta na dondoo za thaimu (Thymus vulgaris). Tumezisoma baadhi ya tafsiri hizo. Juhudi za wafasiri twazisifu. Lakini istilahi tatu hatuna budi kuzikosoa, maana anayedhurika kwazo ni msomaji.

Ya kwanza ni "mafuta muhimu". Neno la kigeni lina maana mbili, na mfasiri ameshika isiyokusudiwa. Mafuta haya yaliitwa hivyo kwa sababu yamebeba kiini cha mmea, yaani harufu yake, wala si kwa sababu mwili unayahitaji. Aliyeambiwa kuwa ni muhimu, si ajabu akayanywa. Ilhali mafuta ya thaimu yasiyozimuliwa huwasha ngozi na kuunguza kinywa. Wako wapendekezao "mafuta ya mkeneko", kwa kuwa thaimu hukenekwa kwa mvuke. Lakini mafuta ya ganda la chungwa hukamuliwa. Twaona "mafuta tete" yafaa zaidi, kwani yote huvukizwa upesi.

Ya pili ni "vioksidishaji". Hapa maana imepinduliwa kabisa. Timoli, ambayo Caspar Neumann aliitenga mwaka 1719, huipa radikali huru atomu ya hidrojeni, na hivyo hukata mfululizo wa uoksidishaji unaoharibu mafuta ya chakula. Kuiita kioksidishaji ni kama kumwita mzimamoto mchomaji wa nyumba. Iitwe "kizuia-oksidisho".

Ya tatu ni "kiuavijasumu". Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa dawa kama penisilini. Ni kweli kwamba timoli na kavakroli huharibu utando wa seli za bakteria. Lakini kinachotokea katika sahani ya maabara hakijawa tiba ya mgonjwa. Asije mzazi akaacha dawa ya hospitali kwa kudanganywa na neno. "Kipingabakteria" latosha, nalo lajumlisha kuzuia na kuua.

Aidha, mafuta na dondoo visichanganywe. Dondoo ya maji ina asidi ya rosimarini, ambayo haimo katika mafuta tete kwa kuwa haipandi na mvuke.

Twawasihi wafasiri wamwulize mkemia kwanza jambo lenyewe ni nini na hufanyaje kazi, ndipo watafute neno.