Sifa ya Kuwasomesha Sayansi Wasio Wanasayansi

Miongoni mwa kazi zote za wahadhiri wa vyuo vikuu, ipo moja ambayo aghalabu hutupiwa kijana aliyeajiriwa juzi, au mtu aliyekosa kuhudhuria kikao siku kazi zilipogawanywa, nayo ni kuwasomesha sayansi wanafunzi ambao hawakuja chuoni kuisoma: wa sheria, wa historia, wa biashara, wa lugha, ambao wakishahitimu hawatashika chupa ya maabara wala kukokotoa mlinganyo hadi mwisho wa umri wao. Hudharauliwa kwa hoja kwamba ni nyepesi. Mimi naihesabu kuwa nzito kuliko zote, maana mwalimu anayewasomesha wanafizikia watarajiwa ana pahala pa kujisitiri, na huyu hana. Yule wa kwanza akishindwa kubainisha jambo huandika mlinganyo ubaoni, na wanafunzi wakaunakili kwa adabu. Huyu wa pili akishindwa, ukumbi mzima hutambua.

Bingwa wa fani hii alikuwa mtoto wa mhunzi. Michael Faraday, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791, hakupata kusoma chuo kikuu. Alikuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu mjini London, akizisoma kurasa zilizopita mikononi mwake, na mwaka 1812 alipopata tikiti za kusikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution, aliyaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi mwenyewe, kisha akampelekea Davy. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika taasisi hiyo hiyo. Mtu huyu, ambaye mwaka 1831 alidhihirisha jinsi sumaku inayosogezwa inavyozaa umeme katika waya, hakuona ni kujishusha kusimama mbele ya vijana wakati wa Krismasi na kuwatolea mihadhara sita juu ya mshumaa. Aliwathibitishia kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta, kwa kuuvuta mvuke huo kwa mrija wa kioo kutoka katikati ya ulimi wa moto na kuuwasha kwenye ncha ya pili ya mrija. Aliwaonyesha pia kuwa, mshumaa ukiwekwa mbele ya taa yenye nguvu zaidi, sehemu ya moto iliyong'aa kuliko nyingine ndiyo inayotupa kivuli kizito kuliko nyingine, kwa kuwa nuru ile hutoka katika chembe za masizi zilizopata joto kali, na masizi huziba mwanga. Kutoka hapo alikwenda mpaka kwenye pumzi ya mwanadamu, ambayo nayo hutumia hewa ile ile ya oksijeni na kuacha gesi ile ile. Mihadhara hiyo ilichapishwa kitabu mwaka 1861. Uhodari wake ni kwamba hakumtaka msikilizaji akubali jambo lolote kabla ya kuliona, wala hakumlisha istilahi kabla hajaihitaji.

Walakini mwalimu wa Dar es Salaam au Unguja hahitaji mshumaa wa London, maadamu bahari i mlangoni. Mwanafunzi aliyekulia Kilwa, Lamu au Pemba, hata kama hajafungua kitabu cha fizikia tangu kidato cha pili, anajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba maji mafu huja kati ya nyakati hizo, kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kesho yatachelewa kwa muda wa takriban dakika 50. Huo ni ushahidi aliokuja nao mwenyewe darasani, tena ni ushahidi mwingi kuliko walionao wanafunzi wengi wa bara la Ulaya. Mwalimu mvivu humwambia kuwa mwezi huyavuta maji, kisha akafunga daftari. Hapo ndipo anapoinuka mwanafunzi wa sheria, ambaye kazi yake ni kumhoji shahidi, akauliza: ikiwa mwezi huyavuta maji, si yangejikusanya upande ulio chini ya mwezi tu, yakajaa mara moja kwa siku? Mbona ni mara mbili?

Sijui swali bora kuliko hilo la kumpimia mwalimu. Jawabu lake ni kwamba nguvu ya mwezi hupungua kadiri umbali unavyozidi, kwa hiyo maji ya upande ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi ya kitovu cha dunia, na kitovu nacho huvutwa zaidi ya maji ya upande wa mbali. Ya kwanza hutangulia, na ya mwisho huachwa nyuma, ndipo yanapotokea mafuriko mawili, moja likiuelekea mwezi na jingine likiupa kisogo. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya upande na upande. Na asiyeamini apewe hesabu ya jua: jua huivuta dunia kwa nguvu ipitayo ile ya mwezi kwa zaidi ya mara 170, lakini sehemu yake katika kujaa kwa maji haifiki nusu ya sehemu ya mwezi, kwa sababu li mbali karibu mara 390 kuliko mwezi, na kwa umbali huo pande mbili za dunia hazitofautiani sana. Vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, jua na mwezi husaidiana, tukapata bamvua. Vinapovuta kwa pembe mraba, hupunguziana, yakawa maji mafu. Kisha mwalimu mwaminifu hana budi kuongeza kwamba picha yake ya ubaoni inadhani dunia yote imefunikwa na bahari moja isiyo na pwani, ilhali kina cha maji na umbo la nchi kavu huyabadilisha mambo sana, hata bandari mbili zilizo chini ya mwezi mmoja zikawa na vimo tofauti vya maji. Kumwonyesha mwanafunzi mpaka wa picha ni sehemu ya somo.

Wapo wanazuoni wanaosema kuwa kurahisisha ni kuharibu. Husimuliwa kwamba Richard Feynman, aliyewasomesha fizikia wanafunzi wa mwanzo wa chuo cha Caltech, Marekani, kati ya mwaka 1961 na 1963, aliombwa na mwenzake aeleze jambo moja gumu la chembe ndogo za maada, akaahidi kuliandalia mhadhara wa wanafunzi hao. Baada ya siku chache alirudi akakiri kuwa hakuweza kuliteremsha kwenye daraja hilo, na kwamba maana yake ni kuwa sisi wenyewe bado hatulifahamu. Napenda kukiri kwa namna hiyo kuliko vitabu kumi vya ghururi.

Tena ukumbi wa namna hii haufai usipokuwa na idhini ya kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba huko Lushoto, alichelea kukosa nafasi katika jokofu walimokuwa wakigandishia aiskrimu, akaingiza maziwa yake yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyewatembelea kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini mgeni aliahidi kulijaribu jambo hilo, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia hawajakubaliana hata leo, na wapo waliorudia jaribio wasione tofauti yoyote. Hilo halipunguzi thamani ya swali, wala ya mwalimu aliyekubali kulipeleka maabara badala ya kulipeleka kwenye kicheko.

Wanafunzi ninaowataja ndio watakaokuwa mahakimu wa kusikiliza ushahidi wa vinasaba, wabunge wa kupitisha fedha za mabwawa, na wahariri wa kuamua kama habari ya dawa mpya ichapishwe. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa idara: ratiba ya mwaka ujao itakapopangwa, somo hili mpeni mwalimu mkongwe kuliko wote mlionao, mpunguzieni kazi nyingine, na katika mtihani wake asiulize jina la kitu chochote bila kuuliza pia kilijulikanaje.