Pambo Lisilo na Ukuta

Ushairi wa Kiswahili ni ushairi wa ndani ya nyumba kuliko tunavyopenda kukiri. Tumezoea kuutaja kwa bahari, kwa vita, kwa dini na kwa mahaba. Lakini tungo mbili mashuhuri za urithi wa Pate, Al-Inkishafi na Utenzi wa Mwana Kupona, hazimfungukii msomaji asiyejua zidaka ni nini, sebule hupambwa kwa ajili ya nani, na ufagio hushikwa na mkono gani. Hata hivyo mhakiki huyo huyo anayezichambua beti hizo kwa unyenyekevu, akimwona msichana wa leo ametandika kitambaa juu ya televisheni, amepanga maua ya plastiki kabatini na anajua kwa moyo mambo yote ya tamthilia ya jioni, hucheka. Huyaita mambo hayo ushamba, au upuuzi, au kuiga wageni. Makala haya yanadai kuwa kicheko hicho ni upungufu wa uhakiki wenyewe, na kwamba kinatunyima kuiona sanaa yenye kanuni zake na uchungu wake.

Mfano wetu utatoka Mtae, na umeteuliwa kwa makusudi kwa kuwa ni mbali na pwani. Mtae ni kijiji cha Wilaya ya Lushoto kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, ukingoni mwa Usambara ya Magharibi. Nyumba zake zimefuatana juu ya ukingo huo. Chini yake mlima umekatika ghafla hadi kwenye nyika ya Mkomazi, na siku ukungu unapoondoka macho hufika milima ya Upare, na mara nyingine Kilimanjaro. Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto hufika hapo, wakalitazama bonde, wakapiga picha, wakarudi. Wote hutazama nje. Hata kitabu maarufu cha Kiswahili kuhusu milima hiyo, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, ni kitabu cha watawala: Mbegha na wazao wake, vita vyao na fitina za urithi wao. Aliyekuwa ndani ya nyumba, akifunga mlango baridi isiingie, hakupata mwandishi.

Chumba tutakachokisoma hapa si cha mtu mmoja. Ni cha namna ambayo mgeni huikuta nyumba baada ya nyumba, Mtae na kwingineko Bara. Kuta ni za matofali, pengine zimepigwa lipu, pengine bado. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, mgongoni na mikononi. Meza ina kitambaa chake, redio ina chake, na televisheni, hiyo bibi wa chumba, imevikwa kikubwa kuliko vyote, ncha yake ikining'inia mbele kama ushungi. Ukutani pana kalenda, hata za miaka iliyopita, zilizoachwa kwa ajili ya picha. Mlangoni pana pazia. Pengine pana kitambaa kilichotariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni au kuiombea nyumba baraka. Aliyefanya kazi hiyo, mara nyingi, ni binti wa nyumba: ndiye aliyefuma jioni baada ya shamba, ndiye anayefua na kupiga pasi, ndiye anayejua kila kitu kilipo.

Tuanze na fani, kama tunavyofanya kwa shairi. Kanuni ya kwanza inayoonekana katika chumba hicho ni kwamba karibu kila pambo hukunjika. Kitambaa hukunjika, pazia hukunjika, kalenda huviringishwa. Maua ya plastiki huingia katika mfuko. Hakuna lililochongwa katika ukuta. Mtu anaweza kudhani kuwa ni umaskini tu, kwamba angekuwa na fedha angejenga kitu cha kudumu. Lakini fedha peke yake haielezi umbo hili, kwa sababu katika chumba hicho hicho baba aweza kuwa ameweka mlango wa mbao nzito na bati jipya. Kinachokunjika ni cha binti. Kinachobaki ni cha baba.

Hapa ndipo inapofaa turudi Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alipotaka kuionya nafsi yake juu ya dunia ipitayo, aliingia nyumbani. Alituonyesha taa zilizozimika, kumbi zilizonyamaza, na madaka ya ukutani ambamo sahani nzuri ziliwahi kupangwa, sasa yamekaliwa na makinda ya ndege. Msiba huo una nguvu kwa sababu pambo lenyewe lilikuwa sehemu ya ukuta. Zidaka ni chokaa iliyochongwa; huwezi kulikunja ukaondoka nalo. Likibaki tupu, ukuta mzima hulia.

Na ukuta ule ulikuwa wa nani? Katika miji ya mawe ya kaskazini, Lamu na Pate, ilikuwa ada ya waungwana wenye uwezo kumtengea binti nyumba anapoolewa, au kumjengea juu ama ubavuni mwa nyumba ya wazazi. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo vyumba vya ndani, vyenye madaka safu kwa safu na sahani za China, vilikuwa mahali ambapo mwanamke alikaa kuanzia harusi yake hadi mauti yake. Pambo lake liliweza kuingia katika chokaa kwa sababu yeye mwenyewe hakutarajiwa kuondoka.

Usambara mambo ni kinyume. Kwa mila ya Washambaa ardhi na nyumba hufuata upande wa baba. Binti huolewa akahamia kwa mumewe, na kule nako hukuta ukuta wa mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na sheria ya dini, kwa Waislamu, inamtengea fungu la mirathi. Lakini kutoka kwenye kifungu cha sheria hadi kwenye msingi wa nyumba ni safari ndefu. Basi binti wa Mtae anajua, tangu anapojifunza kushika sindano ya kufumia, kwamba chumba anachokipamba si chake na kile atakachokwenda kukipamba huenda kisiwe chake. Sanaa yake imejibu jambo hilo kwa namna ambayo hakuna mshairi aliyemfundisha: amefanya pambo lisilohitaji ukuta. Kitambaa ni zidaka la mtu wa safari.

Tukilikubali hilo, suala la pili linafunguka: pambo hili linamlenga nani? Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwagiza usafi wa nyumba hadi pembe zake zilizofichika, akamwagiza na kujipamba kama bibiarusi. Lakini pambo katika utenzi ule lina mtazamaji mmoja aliyetajwa, naye ni mume, na nyuma ya mume pana radhi ya Mungu. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, jirani ya milima tunayoizungumza, aliufuata ukoo huo huo wa nasaha alipomwandikia bintiye Utenzi wa Hati. Katika tungo zote mbili mzazi ndiye anayesema, binti husikiliza. Chumba cha Mtae ni mahali ambapo binti ndiye anayesema. Amekipamba kabla hajaolewa, wala mume hayumo. Watazamaji wake ni mama, ndugu, mashoga wanaokuja kutazama tamthilia, mgeni asiyetarajiwa, na yeye mwenyewe. Hilo ni badiliko kubwa katika historia ya pambo letu, na limepita bila kuandikwa.

Sasa televisheni. Sisi wa visiwani tuliipata mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ya rangi. Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo binti wa Mtae ni wa kizazi cha mwanzo cha mlimani kukua na kioo hicho, na leo king'amuzi na dishi vimefika mahali ambapo zamani hata gazeti lilichelewa. Lawama ya kawaida ni kwamba kioo kimemfunza tamaa za watu wa mbali. Lawama hiyo haitazami kile anachokitazama. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Iliwagusa watu kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano nchini Tanzania la kutafuta sauti za Kiswahili za kutia katika michezo hiyo. Wanasiasa na wafanyabiashara wametambua, basi, kwamba sebule ya msichana ni mahali pa maana. Wahakiki wa fasihi ndio waliochelewa.

Na tazama kisa chenyewe: mwanamke kijana anaingia nyumba isiyo yake, anakuta wakubwa wake wamekwisha kuipanga, na kila siku anatafuta nafasi yake kwa adabu na kwa akili. Je, hicho ni kigeni kwa Mtae? Msichana anayekifuata kila jioni hatoroki maisha yake, anayasoma yajayo. Zaidi ya hayo, anayasoma kwa Kiswahili. Kishambaa ndicho cha jikoni na shambani. Kiswahili amekijua kwa skuli, kwa ibada na kwa sokoni. Tamthilia zimempa Kiswahili cha chumbani: cha mkwe na wifi, cha kuomba radhi, cha kusema jambo zito kwa sauti ndogo. Kazi hiyo zamani ilifanywa na taarabu na majina ya khanga. Anayependa lugha hana budi kuuliza Kiswahili hicho kimetengenezwa vizuri au vibaya, badala ya kukipita kwa dharau.

Lipo jambo jingine la kusemwa waziwazi. Wasichana wengi wa Lushoto wameteremka kufanya kazi za ndani Tanga, Dar es Salaam na miji mingine. Huko wamefuta vumbi katika makabati ya watu, wamefua mapazia ya watu, wametazama televisheni wamesimama mlangoni, chombo mkononi. Shauku ya mapambo ambayo wengine huiona ni ya anasa, kwa hao imepatikana kazini. Anayerudi mlimani na kupanga mito ya kochi kama alivyoiona kule, anachukua ujuzi alioutumikia, akaufanya wake. Kuiita kazi hiyo kuiga ni kumnyima haki yake mara ya pili.

Haya yote hayana maana kwamba kila sebule ni utungo mzuri. Tukishakubali kuwa ni sanaa, tunawajibika kuihukumu. Zipo sebule zilizojazwa kama shairi la mtu aliyepata vina vingi akashindwa kuacha hata kimoja: maua juu ya maua, kalenda juu ya kalenda, rangi nne zinazogombana, hata jicho halipati kituo. Kipo pia kitambaa cha kiwandani, kilichonunuliwa kikiwa tayari, ambacho hakina kosa lolote na kwa hiyo hakina mtu ndani yake. Kinyume chake, kitambaa cha mkono ambacho mfumaji amekianza kwa ua alilofunzwa na mama, kisha katikati akalibadili ua hilo kwa sababu nyuzi za rangi ile zilikwisha, akatafuta nyingine ya kupatana nayo, hicho kina uteuzi. Shaaban Robert alikiita kitabu chake kimoja Pambo la Lugha. Alifahamu kwamba pambo ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Kipimo hicho hicho kinatosha kwa uzi.

Huenda mtu akahoji: mbona tunatumia nguvu za uhakiki kwa vitambaa, hali vitabu vyetu vya mashairi havijapata wasomaji? Jawabu ni kwamba havijapata wasomaji kwa sehemu kwa sababu wasomaji hao hawajioni ndani yake. Ushairi wetu wa siku hizi humtaja msichana wa mlimani mara nyingi ili kumwonya: asidanganyike na mji, asipende makuu, asisahau mila. Si mara nyingi humuuliza anachokipenda na kwa nini. Mtunzi atakayeingia katika chumba kile bila nasaha mkononi atakuta maudhui ambayo Pate haikuyajua.

Kwani Al-Inkishafi ilililia pambo lililobaki ukutani baada ya wenyewe kuondoka. Mtae msiba umegeuka. Siku ya harusi vitambaa vinakunjwa, pazia linashushwa, vyote vinaingia katika sanduku na kufuata njia ya mlimani hadi nyumba nyingine. Ukuta unabaki na wenyewe, na misumari yake mitupu. Aliyetoweka ni yule aliyeufanya upendeze. Utenzi wa misumari ile bado haujatungwa.